Barua za Pagume

Kama yupo binadamu aliyewahi kulipenda kabati kuliko ndugu zake, basi ni Yirdaw Beshah, mkuu wa masjala ya hospitali ya Gola Amba, mji wa mlimani ambako ukungu huingia ofisini kabla ya wafanyakazi. Kabati lenyewe lilikuwa la mti wa wanza, limepigwa msasa likateleza, na lilikuwa na droo kumi na mbili, kila droo na mwezi wake: Meskerem, mwezi wa kwanza, juu kabisa kushoto, Nehase, wa kumi na mbili, chini kabisa kulia. Alilibuni mwenyewe. Kila asubuhi alilifuta vumbi kwa kitambaa ambacho mkewe alikuwa akikitafuta nyumbani tangu Pasaka.

Zamani masjala ile ilikuwa na majalada ya kawaida, jalada moja kwa kila mfanyakazi, limeandikwa jina lake na la baba yake, limefungwa uzi. Barua ya kuajiriwa, ya kupandishwa cheo, ya kuonywa kwa uchelewaji, zote zilikaa humo pamoja mpaka mwenyewe astaafu. Yirdaw aliuona huo ushamba. Alikwenda mafunzo ya wiki mbili Addis Ababa, ambayo kusema kweli alisinzia sehemu kubwa ya wiki ya pili, akarudi na wazo lake: karatasi ina siku ya kuzaliwa kama mtu, basi ipangwe kwa siku hiyo. Akayafungua majalada mia mbili na kumi, akazitoa barua zote, akazigawa kwa miezi. Nakala zilizokuwa kwa utumishi na kwa mhasibu akaziomba, akazilinganisha na zake, kisha akazichoma nyuma ya jiko la hospitali. Kitu kikiwa mara mbili, alisema, ni fujo. Zile nyuzi alimpelekea mkewe za kufungia kuku.

Siku seremala alipokuwa akipima mbao, aliuliza kwa upole, akimwita Gashe kama kaka mkubwa, "Na Pagume, Gashe? Yenyewe haina droo?"

Yirdaw alicheka mpaka akashika meza. "Pagume? Siku tano tu, na hata serikali haiilipi mshahara. Kitu gani cha maana kimewahi kutokea Pagume?"

Jibu hilo lilimpendeza sana, akalirudia kwa miaka mitatu kila alipopata msikilizaji. Ukweli ni kwamba mengi hutokea katika kimwezi hicho cha kumi na tatu kilichobanwa kati ya Nehase na mwaka mpya, maana ndipo wakubwa wanapokimbizana kumaliza waliyoyaahirisha mwaka mzima. Barua za Pagume zilipokosa pa kulala, Yirdaw alizitia kwenye boksi la sabuni chini ya meza yake. Alisema ni kwa muda tu. Wakaguzi wakaja, wakalipiga picha kabati, wakampa cheti, na hakuna aliyeinama kuangalia chini ya meza.

Sasa ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa Tahsas, baridi inauma masikio, Yirdaw amekaa na koti lake la sufu akipuliza chai. Mlango ukagongwa, akaingia Sista Asnakech Woldeyes wa wodi ya wazazi, bado na aproni yake.

"Gashe Yirdaw, umeamkaje?"

"Mungu ashukuriwe. Karibu, Sista. Leo mmewaacha watoto wazaliwe wenyewe?"

"Wameahidi kunisubiri." Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono juu ya magoti. "Nimechaguliwa kwenda chuo kikuu. Shahada ya ukunga."

Yirdaw alimpongeza kwa moyo mmoja. Sista huyu alikuwa amehudumu Gola Amba miaka kumi na moja, na nusu ya watoto waliokuwa wakikimbiza mipira barabarani walipita mikononi mwake. Tena alikuwa ameomba nafasi hiyo mara nne.

"Wanataka barua ya kuthibitishwa kazini," akasema. "Ifike ofisi ya afya ya ukanda, Debre Birhan, Ijumaa kabla ya saa tisa. Nisipoipeleka nafasi anapewa mwingine. Na mwaka ujao natimiza arobaini, Gashe. Baada ya arobaini hawachukui."

"Ndiyo unakaa na wasiwasi hivyo?" Yirdaw aliinuka, akavuta mikono ya koti kama mchinjaji anayejiandaa. "Mfumo wangu hautaki Ijumaa. Unataka dakika moja. Ilitoka tarehe ngapi?"

"Pagume tatu. Siku ya Mtakatifu Rufaeli, mvua ilikuwa inanyesha na tulikuwa tumelowa sote."

Mkono wa Yirdaw ulikuwa umeshaelekea kwenye kabati. Ukabaki hewani, ukazunguka kidogo juu ya Nehase, ukapanda kwa Meskerem, ukarudi. Mwisho akautumia kujikuna kichwa, maana mkono uliokwisha kunyanyuka lazima upewe kazi.

"Pagume," akasema. "Hizo ziko mahali maalumu."

Akainama chini ya meza. Mahali maalumu palikuwa na viatu vyake vya mvua na mwavuli uliovunjika. Boksi la sabuni halikuwapo. Akakaa huko chini kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyompasa mkuu wa masjala, akitazama viatu na kujiuliza kama inawezekana kutokea upande wa pili wa meza akiwa mtu mwingine.

"Njoo kesho, Sista," sauti yake ikasema kutoka chini.

Alitafuta siku nzima. Alianza na Nehase, kwa kuwa mwaka wa kwanza huenda alizichomeka humo. Akaingia Meskerem, kwa kuwa huenda zilibaki mezani mpaka sikukuu ikapita. Akapekua juu ya kabati, nyuma ya kabati, na hata ndani ya sanduku la huduma ya kwanza. Alipata miwani yake ya zamani na hati ya ng'ombe wa shemeji yake. Barua ya Pagume hakuona hata moja, wala ya Asnakech wala ya mtu yeyote.

Mtu mwingine angekiri hapo hapo na kuomba msamaha. Yirdaw hakuwa mtu mwingine, alikuwa na cheti. Usiku alilala akibishana na nafsi yake, na asubuhi alikuwa ameshinda ubishi: mfumo una kila barua iliyowahi kuandikwa, barua hii haimo kwenye mfumo, kwa hiyo barua hii haikuandikwa. Aliiona hoja hiyo ni nzuri kabisa. Akaandika barua rasmi yenye kumbukumbu namba, akaigonga muhuri wa duara wa rangi ya zambarau, akampa Asnakech alipokuja saa tatu.

Asnakech aliisoma akiwa amesimama. "'Baada ya uchunguzi wa kina, masjala haina kumbukumbu ya kuthibitishwa kazini kwa mtajwa.'" Akainua macho. "Mtajwa ndiye mimi?"

"Ni lugha ya ofisi, Sista."

"Nimezalisha wanawake zaidi ya elfu mbili hospitali hii. Kwa hiyo nilikuwa napita tu njiani nikasikia kelele, nikaingia kusaidia?"

"Sisemi hukuajiriwa. Nasema kumbukumbu ndiyo haisemi."

"Si barua ile ilikuwa na nakala? Nakumbuka kwa chini kulikuwa na orodha ndefu. Utumishi, mhasibu."

"Hizo nilizichoma."

Asnakech aliishusha ile barua. Kisha akasema polepole, kama anavyosema na mzazi anayeogopa, "Na ya ukanda? Nakala moja ilikwenda Debre Birhan."

Hapa ndipo Yirdaw alipojiaibisha kuliko mahali pote, na aibu yenyewe hakuijua mpaka baadaye, kwani alilijibu swali hilo kwa majivuno. "Hao nao walibadilisha, Sista. Nilikwenda kuwafundisha mimi mwenyewe, siku mbili. Walinipigia makofi wamesimama. Watakuwa walifumua kila kitu mwaka ule ule."

Asnakech aliikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa aproni, akatoka. Mlango hakuubamiza. Yirdaw alitamani sana angeubamiza, angalau apate la kulalamikia.

Mchana ule hakuwa na hamu ya kula. Tena ilikuwa mfungo kabla ya Krismasi, nyumbani kulikuwa na mchuzi wa shiro usio na siagi, kwa hiyo akaenda getini kwa Etete Mentewab, mama mtu mzima anayeuza kolo, shayiri ya kukaanga iliyochanganywa na dengu. Akanunua koni moja. Etete alizikunja koni zake kwa karatasi za kila aina, mitihani ya shule, kalenda, fomu za kodi, na Yirdaw alikuwa na tabia ya kuzisoma huku akitafuna na kuwacheka wenye ofisi wasiojua kutunza siri.

"Tazama hawa," alianza kama kawaida yake, akiigeuza koni. "Barua ya serikali hii, na muhuri wake. Ofisi gani ya kijinga imeachia..."

Muhuri ulikuwa wa duara, wa zambarau. Ulikuwa na picha ya mlima na msalaba mdogo, na alama nyembamba upande wa kushoto palipokatika mpira siku Yirdaw alipouangusha. Kolo ikamkwama kooni. Etete Mentewab akampiga mgongoni mara tatu.

"Taratibu, mwanangu. Hakuna anayekunyang'anya."

"Etete, karatasi hizi umezitoa wapi?"

Mama akamtazama kwa huruma. "Umezeeka mapema, Yirdaw. Si uliniletea mwenyewe? Boksi zima la sabuni. Mwaka jana, wiki ile wakubwa walikuja kupiga picha. Ukasema takataka hizi zinanichafulia ofisi. Nikakupa koni mbili bure, na ukadai ya tatu."

Ikamrudia yote. Akajiona amelipakata boksi kwa mikono miwili, akivuka uwanja kwa furaha, akimsalimia mlinzi Tashu njiani, na Tashu akimsaidia kufungua geti ili barua yake Tashu ya kuthibitishwa kazini ipite vizuri kwenda kufungia kolo. Yirdaw aliketi kwenye jiwe. Aliwahi kusikia watu wakisema wametamani ardhi ipasuke iwameze. Yeye aliona ardhi ingemkataa.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Kidogo. Zilikuwa karatasi nzuri, ngumu. Ofisi nyingine wananiletea za kuchanika."

Kumwambia Asnakech kulimchukua mpaka Alhamisi asubuhi. Alijipanga mlangoni mwa wodi ya wazazi kati ya akina baba wawili, na muuguzi mmoja akamuuliza mkewe yuko chumba gani. Asnakech alipotoka, Yirdaw aliyasema yote kwa pumzi moja akiitazama sakafu: boksi, wakaguzi, kolo, koni tatu.

Asnakech alijifuta mikono kwa aproni. Yirdaw alisubiri matusi na akaona anastahili kila moja.

"Koni tatu," mwishowe Asnakech akasema. "Barua za watu wa Pagume wa miaka yote, kwa koni tatu. Ungedai hata nne."

"Sista, nitukane vizuri."

"Sina nafasi ya kukutukana. Zamu yangu inaisha saa sita. Mwambie Etete asiuze."

Mchana walikaa watatu getini, kwenye jua hafifu la Tahsas, wakimimina kolo kwenye sinia na kuzikunjua koni moja moja. Etete Mentewab alikuwa akizikunja za siku nzima asubuhi, kwa hiyo kazi ilikuwa nyingi. Wateja walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama ni ukaguzi wa afya, na Etete akamjibu ndiyo, shayiri imepimwa ikaonekana ina ujauzito. Walipata vipande ishirini na tatu. Etete alikuwa amezipasua karatasi nusu kwa nusu, kwa hiyo palikuwa na vichwa vya barua visivyo na miguu na miguu isiyo na vichwa. Walipata sehemu ya chini ya barua ya Getenesh wa jikoni. Walipata jina la Lulseged wa maabara peke yake, likiwa na chumvi. Ya Asnakech haikuwamo.

"Tulithibitishwa sita siku ile," Asnakech alisema, akikung'uta aproni. "Mimi, Getenesh, Lulseged, mlinzi Tashu, Emawayish wa kufua na dereva Negussu. Tulipewa barua kwenye foleni moja. Mimi yangu niliipeleka kwa mama yangu kijijini, akaiweka kwenye paa, na paa likaungua."

"Angalau mama yako aliunguliwa kwa bahati mbaya," Yirdaw akasema. "Mimi niliwasha kiberiti."

Ilibaki njia moja, na wote wawili waliijua kabla hajaisema mtu. Mkuu wa masjala aandike kwamba barua ilikuwapo na kwamba ameipoteza yeye, labda dawati la masomo la ukanda litakubali. Yirdaw akaingia ofisini kuandika, Asnakech akakaa kwenye kile kiti akimsubiri.

Rasimu ya kwanza ilisema: "Barua husika imebainika kutoonekana kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa ofisi." Asnakech akaisoma, akairudisha mezani. Yirdaw akajisomea upya. Sababu iliyokuwa nje ya uwezo wa ofisi ilikuwa imekaa ndani ya ofisi, imevaa koti la sufu. Akaichana.

Rasimu ya pili ilisema: "Wakati wa uboreshaji wa mfumo, baadhi ya nyaraka zilihamishwa." Ukweli zilihamishwa, tena mbali sana, nyingine zilikuwa zimeshatafunwa hadi Shewa Robit. Akaichana nayo, ingawa sentensi ilimpendeza.

Ya tatu aliiandika kwa mkono kwanza, kama mtoto anayeandikishwa adhabu. "Mimi Yirdaw Beshah, mkuu wa masjala, nilizitoa barua za wafanyakazi katika majalada yao. Nilitengeneza kabati lisilo na nafasi ya mwezi wa Pagume. Barua zote za Pagume nilizigawa kwa mwuza kolo nikidhani ni taka, na nakala zake nilizichoma. Asnakech Woldeyes alithibitishwa kazini Pagume 3. Barua yake ilikuwapo. Niliipoteza mimi." Alipomaliza alimsogezea Asnakech. Mkurugenzi akiiona, kabati litatolewa na mwenye kabati atalifuata nyuma.

"Hii inaeleweka," Asnakech akasema.

Ijumaa waliondoka na basi la alfajiri, na kabla ya saa nne walikuwa Debre Birhan, kwenye jengo la ukanda la ghorofa mbili. Kijana wa dawati la masomo juu aliisoma barua ya Yirdaw mara mbili. Mara ya pili alifunika mdomo kwa mkono.

"Nasikitika, Sista," akasema alipopata sauti. "Naamini kila neno, hakuna mtu anayeweza kubuni kitu kama hiki. Lakini kanuni inasema barua yenyewe au nakala. Mmeuliza masjala yetu hapo chini?"

"Hawana," Yirdaw akasema. "Waliondoa majalada. Niliwafundisha..."

"Tunakwenda kuuliza," Asnakech akamkata, akashika ngazi.

Masjala ya ukanda ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya karatasi na mafuta ya taa. Yirdaw alipoingia, aliishia mlangoni. Kuanzia sakafuni mpaka darini palikuwa na majalada, ya kahawia, yamechakaa kona, kila moja na jina la mtu, kila moja na uzi. Woizero Tiringo, mama mnene mwenye shali nyeupe, alikuwa amekaa kati yake na kikombe cha kahawa.

"Jina?"

"Asnakech Woldeyes, Gola Amba," Asnakech akajibu.

Tiringo akainuka, akapita katikati ya rafu akiguna kwa ajili ya magoti yake. Kahawa yake ilikuwa bado inafuka alipofika tena mezani. Akafungua uzi, akapindua karatasi mbili tatu, akatoa moja. Ilikuwa nakala ya tano, wino umefifia, muhuri wa zambarau unasomeka. Pagume 3.

Asnakech aliishika kwa ncha za vidole. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatiririke, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Lakini Woizero Tiringo," Yirdaw akasema, "mimi si nilikuja hapa kuwafundisha? Siku mbili?"

Tiringo akamtazama vizuri. "Ah, ni wewe. Ulikuja, Gashe. Tulipiga makofi. Chakula kilikuwa kizuri sana siku ile."

"Na mfumo?"

"Tulisema tutauanza mwaka mpya. Mwaka mpya ukifika tunasema ujao." Akanywa kahawa. "Usikasirike. Watu hapa hawajui tarehe zao, wanajua majina yao."

Yirdaw hakukasirika. Tangu azaliwe hakuwahi kushukuru kwa kupuuzwa, na leo alishukuru kwa moyo wake wote, akimwomba Mungu awabariki wote waliosinzia katika mafunzo yake, na wale walioandika maneno yake kwenye daftari ambalo hawakulifungua tena. Asnakech alipanda ngazi mbili mbili na nakala ile mkononi. Aliporudi alikuwa na risiti ya kupokelewa, saa nne na nusu, na uso wa mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

Alikuwa pia na ile barua ya Yirdaw. "Kijana amesema hii haihitajiki tena." Akamkabidhi. "Ni yako."

"Ichane hiyo," Woizero Tiringo akashauri, maana alikuwa ameshaisoma akichungulia begani mwa Yirdaw. "Mtu asijichimbie kaburi wakati hakuna maiti."

Yirdaw aliikunja akaitia mfuko wa ndani wa koti. Uzito uliomkaa kifuani tangu Jumatano ukaondoka wote kwa mara moja, na mara hiyo hiyo kichwa chake, ambacho kilikuwa hakijapona, kikaanza kazi yake ya zamani. Mkurugenzi hatajua. Kabati litabaki. Ataongeza droo ndogo ya kumi na tatu pembeni, na akiulizwa atasema ni maboresho. Aliaga, akafika mlangoni akiwa ameshachagua mpini wa hiyo droo.

"Getenesh anastaafu mwezi wa Sene," Asnakech akasema nyuma yake. Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa anafunga shali yake kwa ajili ya baridi ya nje. "Nimekumbuka tu. Nitamwambia apitie huku. Hajui kama anahitaji nakala."

Yirdaw alisimama na mkono kwenye kitasa. Akamfikiria Getenesh, mama asiyejua kusoma, akija mbele ya lile kabati la wanza, na yeye Yirdaw akimpa karatasi safi yenye muhuri inayomwita mtajwa. Akamfikiria Tashu aliyemfungulia geti. Hao Asnakech angewaambia. Na wa Pagume za miaka mingine, ambao hakuna aliyekumbuka kusimama nao kwenye foleni, nani angewaambia?

Akarudi mezani, akaitoa barua, akainyoosha kwa kiganja.

"Ipokee, Woizero Tiringo."

"Itakuletea shida."

"Najua. Igonge muhuri."

Tiringo akaivuta rejista. Akaandika tarehe na namba, kwa mwandiko wa taratibu. Muhuri ukashuka. Akaenda kwenye rafu ya mbali, akaleta jalada jembamba lenye jina la Yirdaw Beshah, akalifungua uzi na kuilaza barua juu ya nyingine zote. Kabla hajafunga akashika kalamu tena.

"Hujaandika nakala kwa nani. Mkurugenzi wenu?"

"Mkurugenzi," Yirdaw akasema. "Lakini usimwanze yeye. Andika Getenesh Abate, jikoni. Andika Tashu Mekuria, mlinzi. Lulseged Haile, maabara."

"Polepole, Gashe."

"Emawayish, wa kufua. Baba yake simjui jina. Nilikuwa na jalada lake nikalifumua."

"Emawayish Gebru," Asnakech akasema. Alikuwa amevuta kiti, ameketi, shali imefunguliwa tena. "Na Negussu Ayele. Endelea, Gashe. Basi la mchana likituacha lipo la saa kumi."

Yirdaw akafumba macho, akaanza kuipitia hospitali chumba kwa chumba, akiwataja.